Nimesoma kozi ya masupavaiza Jumamosi sita kwa 280,000, hela imerudi au haijarudi?

Wadau habari za muda huu. Kuna watu wameniuliza sana ile kozi niliyokuwa napotelea kila Jumamosi ni ya maana au ni kula hela za watu tu, nikasema ngoja nimalize kwanza ndo niongee. Sasa nimemaliza, cheti kimekuja (jina langu wamelikosea, ntafika huko), kwaiyo naandika yote hapa niache kurudia rudia inboksi. Jina la chuo nimeliacha makusudi maana kuna mambo ya kuwasema na mwalimu mwenyewe anafundisha sehemu zaidi ya moja, sitaki kumharibia.

Kwanza mjue nimetokea wapi, manake bila hivyo hamtaelewa kwa nini vitu vingine nimevisifia na vingine nimeviponda. Mi niko kiwanda cha mikate hapa Dar, shifti ya usiku, tunaingia saa tatu usiku tunatoka saa kumi na mbili asubuhi. Nimeanza kama mbeba trei, nikaenda mikseri, nikaenda oveni, mwaka jana supavaiza wetu akahama nikaitwa ofisini nikaambiwa kuanzia Jumatatu wewe ndo supavaiza, nikapewa funguo za stoo na daftari la mahudhurio. Basi. Hamna aliyenifundisha kitu. Watu 14, na kati yao kuna niliokuwa nao tunateta bosi pamoja kwenye kona ya mifuko ya unga, sasa bosi mwenyewe ndo mimi. Ukifika pale wanapoongea wananyamaza. Aliyewahi kupandishwa cheo kwa wenzie atanielewa, ile siku ya kwanza unajiona kama umewasaliti.

Bosi hakunilipia kozi, nimelipa mwenyewe. 280,000 Jumamosi sita, saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, natoka kazini saa kumi na mbili naoga haraka haraka naenda darasani macho mekundu. Kwaiyo nikisema somo fulani lilinilaza usingizi, mengine ni uchovu wangu, tuwe wakweli.

Jumamosi ya kwanza nilitaka kudai hela yangu. Tumeambiwa darasa litakuwa na watu 12, nikafika nakuta 22, feni moja, projekta inagoma, tumeanza saa nne kasoro. Halafu tukapewa karatasi ya maswali ya kujua wewe una tabia za rangi gani, mwekundu, njano, kijani, bluu. Mi nikatoka bluu. Sawa, bluu, halafu? Narudi usiku kiwandani mkate umeanguka nimwambie nani kwamba mi ni bluu? Slaidi zote Kiingereza, mwalimu anaeleza kwa Kiswahili kizuri tu ila ukitaka kurudia nyumbani unabaki na pdf ya Kiingereza, na darasani mule kulikuwa na dada wa saluni, kuna kaka wa karakana ya magari, kuna mzee msimamizi wa walinzi, hawa watu ndo kozi yenyewe imewalenga, sasa unawapa Kiingereza cha nini.

Jumamosi ya pili ndo nikaacha kufikiria kudai hela.

Mwalimu (ni mama wa makamo, amewahi kusimamia watu kiwandani miaka mingi, anaongea taratibu lakini hakupi nafasi ya kujificha) akaanza na swali moja: mtu mpya akija kwako, unamfundishaje kazi? Wote tukajibu kitu kimoja kwa maneno tofauti, "namwambia aangalie mwenzie". Akacheka. Akasema haya, akiharibu unamfanya nini? Unagomba. Nani alimfundisha? Kimya.

Akasema kuna njia ya hatua nne ya kumfundisha mtu kazi, akatuelezea ilikotoka na hapo nikaamka kabisa. Anasema wakati wa vita vya pili vya dunia viwanda vya Marekani vilikuwa vinapoteza watu wazoefu wanaenda jeshini huku kazi zinaongezeka, wanaingia watu ambao hawajawahi kushika mashine, kwaiyo serikali yao ikatengeneza mafunzo mafupi ya wasimamizi, somo la kufundisha kazi lilikuwa masaa 10 tu, na vita vilipoisha njia hiyo ikapelekwa Japani, mpaka Toyota wakaitumia. Walikuwa na msemo kwamba mfanyakazi kama hajajifunza basi mwalimu hajafundisha. Hii kauli iliniuma, ntawaambia kwa nini.

Hatua zenyewe ni nne. Ya kwanza unamuandaa mtu, unamtoa woga, unamuuliza anajua nini tayari. Ya pili unamuonyesha kazi huku unaeleza, hatua moja moja, na kila hatua unamwambia jambo la kuzingatia na SABABU yake. Ya tatu anafanya yeye, na wakati anafanya anakueleza wewe kwa nini anafanya vile, unamrudisha akikosea papo hapo. Ya nne unamuacha afanye ila anajua akikwama amuulize nani, na wewe unapita kumwangalia, mwanzoni mara nyingi, baadae unapunguza. Ukisoma hivi unaona kitu cha kawaida, hata mi nilisema moyoni haya si tunayajua. Hatuyajui, au tunayajua na hatufanyi.

Iliniuma kwa sababu wiki tatu kabla ya hapo tulikuwa na dogo mpya kwenye mikseri. Nilimwambia kaa na fulani siku mbili uangalie. Siku ya tatu fulani kaumwa, dogo kabaki peke yake, kamwaga hamira na chumvi pamoja sehemu moja kwenye maji kidogo akaviacha vikae wakati anaenda kuvuta unga stoo. Anayejua mikate anajua kilichofuata, chumvi ikikaa juu ya hamira hivyo inaiua nguvu, donge halikuumuka, tukaja kushtuka liko kwenye trei limekaa kama tofali. Trei zaidi ya 40, gari la kwanza la usambazaji limeondoka nusu tupu, na mimi nikamtukana yule dogo mbele ya watu wote, nilimuita jina ambalo siliandiki hapa. Sasa nimekaa darasani naulizwa nani alimfundisha.

Hom-weki ya wiki hiyo ilikuwa chagua kazi moja ya watu wako uiandike kwenye karatasi moja, kushoto hatua, katikati jambo la kuzingatia, kulia sababu. Nikachagua mikseri, nikasema hii nusu saa nimemaliza, nimeifanya miaka. Jamani, ilinichukua siku nne. Nafika kwenye "kanda mpaka donge liwe tayari" nakwama, tayari ni nini? Mi najua kwa mkono, nikigusa najua, lakini kwa maneno sina. Ikabidi niende nisimame kwenye mashine nijitazame mwenyewe nafanya nini, ndo nikagundua huwa nakata kipande kidogo nakivuta taratibu kwa vidole, kikinyooka kama utando mwembamba wa kuona mwanga bila kuchanika mapema, liko tayari, kikichanika haraka bado. Nimekuwa nafanya hivyo miaka yote sijawahi kumwambia mtu yeyote. Hamna hata mmoja aliyewahi kuniambia na mimi, niliokota tu.

Nikamuita dogo, nikamuomba radhi kwanza (hilo mwalimu hakulisema, nimelitoa mwenyewe, na nikaomba mbele ya wale wale niliomtukana mbele yao), tukaanza upya hatua zote nne. Kuna kitu kinatokea kwenye ile ya tatu, ukimwambia mtu nieleze kwa nini unafanya hivyo ndo unajua kaelewa au kakariri. Dogo alikuwa anajua maji yawe ya vuguvugu lakini alidhani ni ili unga uchanganyike vizuri, hakujua ni kwa ajili ya hamira. Mtu wa namna hiyo siku maji yakiwa ya moto sana haoni tatizo.

Kwa somo hili peke yake mi naona 280,000 imerudi. Ukipiga hesabu ya trei 40 za mikate utaniambia.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya kuongea na mtu aliyekosea na hii nayo ilikuwa nzuri, tulifanya maigizo wawili wawili, mmoja supavaiza mmoja mfanyakazi mchelewaji. Mwanzoni tunacheka cheka. Kanuni yake ni fupi, sema lini, sema alifanya nini (kile ulichokiona kwa macho, usiseme "wewe mvivu" manake uvivu hujauona, umeona amefika saa tatu na dakika arobaini), sema kilileta nini kwenye kazi, halafu NYAMAZA. Hapo kwenye kunyamaza ndo wote tulifeli. Supavaiza anasema vizuri halafu kabla mwenzie hajafungua mdomo anaanza kujijibu mwenyewe, "najua mtasema foleni, mara mtoto". Mwalimu anakusimamisha anasema umemuuliza au umemjibia?

Nikaipeleka kazini. Tuna dada wa kufungasha, anatoka Chanika, wiki nzima anachelewa nusu saa, dakika arobaini, na nilishapanga kumpa barua. Nikamtoa pembeni nikasema kama tulivyofundishwa, nikanyamaza, sekunde ndefu hizo mpaka nikaanza kuhesabu trei kichwani. Akasema mtoto anamuachia jirani, na jirani anarudi kutoka kwenye biashara yake saa mbili na nusu usiku, hawezi kutoka kabla. Miezi yote nilikuwa sijui. Halafu akaniuliza yeye, kaka kwani mikate ya kwanza inapoa saa ngapi? Nikabaki namtazama. Watu wa kufungasha wanaingia saa tatu sawa na watu wa mikseri wakati mkate wa kwanza kufika mezani kwao umeshapoa ni baada ya masaa kadhaa, wanakaa wanakunja mifuko na kupiga stori. Hii rota imekuwa hivyo toka sijaajiriwa hamna aliyewahi kuuliza. Nikaongea na ofisi, kufungasha sasa wanaingia saa nne na wanamalizia saa moja asubuhi, uchelewaji umekwisha.

Ila msidhani ikawa heri tupu. Watu wa oveni wakaja juu, mbona wao wamesogezewa muda, na sisi je, na mmoja akasema wazi kwamba ni kwa sababu ni mwanamke. Hilo sijalimaliza mpaka leo naandika, na kozi haikugusa kabisa namna ya kubadilisha kitu kwa kundi moja bila wengine kuona upendeleo. Nilimuuliza mwalimu kwenye grupu la wasapu akajibu baada ya siku mbili, jibu zuri lakini fupi, nimwambie kila mtu sababu ya kazi kabla ya kubadilisha, nisisubiri wanung'unike. Ningeambiwa kabla ingesaidia.

Sasa kuna hili la wakubwa wa umri. Oveni yetu anashika mzee wa miaka 54, mi nina 31. Kila nikiingia natanguliza shikamoo, halafu dakika tano baadae natakiwa nimwambie mzee trei za juu zimeungua. Mwongozo wao wa Kiingereza unasema mtazame mtu machoni, ongea kwa kujiamini. Kwa baba wa watu? Kaka wa karakana akalisema darasani, yeye ana fundi aliyemfundisha kazi mwenyewe na sasa yuko chini yake, na hapo mwalimu akaweka slaidi pembeni tukaongea saa nzima, kwangu hiyo saa ilizidi slaidi zote. Alichosema ni kwamba shikamoo usiiache, usimrekebishe mbele ya vijana hata kama kosa ni kubwa, mtoe pembeni, muulize yeye anaonaje kabla hujatoa agizo, lakini muda wa kuingia na usafi wa kazi usimpunguzie, ukimpunguzia vijana watakusoma siku hiyo hiyo.

Nilimfuata mzee na daftari nikamwomba anisaidie kuandika karatasi ya oveni kama ile ya mikseri. Akanitazama kwanza kama namtania. Kumbe ana vitu, mfano anageuza mkate anaugonga chini kwa kidole, ukilia kama kopo tupu umeiva ndani, ukilia kizito rudisha. Tulikaa mpaka asubuhi. Mwisho akaniambia "bwana mdogo, hicho cheo walichokupa sikukitaka, ila miaka yote hii hakuna aliyekuja kuniuliza kitu". Toka hapo akiona trei zimeungua ananifuata yeye kabla sijamfuata.

Jumamosi ya nne ilikuwa sheria za kazi na hapa lazima niwasifie tena, walileta mtu anayeijua. Wengi wetu masupavaiza tunaamini tunaweza kufukuza. Kuna jamaa mmoja alijitapa kabisa ameshafukuza watu watatu kwa simu. Yule mtaalamu akamuuliza taratibu, walipelekwa kikao? Walipewa muda wa kujiandaa? Manake miongozo ya sheria ya ajira inataka mtu aambiwe kosa lake, apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, aje na mwenzie au mtu wa chama cha wafanyakazi, na akiona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 kwenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndo inayosikiliza migogoro ya kazi). Jamaa kimya kabisa, chai hakunywa siku hiyo.

Masaa nayo tuliyapiga. Sheria ya mwaka 2004 inasema masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, na siku yoyote hata ukiweka ovataimu hairuhusiwi kuzidi 12, na ovataimu yenyewe haizidi masaa 50 ndani ya wiki nne na inalipwa moja na nusu. Na kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo, kwa kila saa ya usiku. Nikashika kalamu nikahesabu shifti yetu, usiku sita, masaa nane ukitoa saa ya mapumziko, 48. Matatu ya juu kila wiki. Na ile asilimia 5 sijawahi kuiona kwenye silipu.

Nilipouliza kazini nikajibiwa nishughulike na mikate. Na hapa ndo naona shimo kubwa la hii kozi, inakufundisha kuwasimamia walio chini yako vizuri sana, halafu haikufundishi hata dakika moja namna ya kuongea na aliye juu yako. Supavaiza amekaa katikati jamani, vijana wanakuangalia wewe, ofisi inakuangalia wewe, na nguvu ya kusaini huna. Nilitegemea Jumamosi ya tano wagusie hilo, badala yake tukapigwa masaa matatu ya hatua za timu za yule mtaalamu wa 1965, Tuckman, kwamba watu wanakutana, wanagombana, wanazoeana, wanafanya kazi. Sawa, ni kweli, dakika ishirini zinatosha. Kile cha Hersey na Blanchard, wataalamu wengine wa uongozi, kilikuwa bora kidogo, kwamba mtu mpya unamuelekeza kila kitu na mzoefu unamkabidhi, usimtendee mzee wa oveni kama dogo wa mikseri, hicho nakitumia.

Jumamosi ya sita ilikuwa ya kupoteza. Walimleta mzungumzaji wa kuhamasisha, suti kali, akatuambia tupige makofi tujishangilie, simba haongozwi na kondoo sijui nini, mwisho akauza semina yake mwenyewe. Mi nililala, na safari hii sisingizii uchovu.

Halafu cheti. Siku ya mwisho ndo wanasema cheti kina 20,000 ya ziada, haikuwa kwenye karatasi ya kujisajili. Kimekuja baada ya wiki saba na herufi moja ya jina imepotea, kukirekebisha wanataka nipeleke kile cha zamani kwanza. Kipo kabatini kilivyo.

Kwaiyo nyota ni ngapi, nawapa tatu na nusu kwa tano, tatu zote za mwalimu mama yule na mtaalamu wa sheria. Kama huna watu chini yako bado na unataka cheti cha kuweka kwenye CV usiende, hom-weki zote zinataka uwe na watu wa kuwajaribia usiku huo huo, bila hivyo utabaki na rangi yako ya bluu. Kama umepandishwa juzi na hujui uanzie wapi nenda, ila kabla hujalipa waulize darasa lina watu wangapi, cheti ni bei gani, na nani anafundisha, ukiambiwa ni mama wa makamo aliyekuwa kiwandani lipa. Jumamosi ya mwisho usihangaike kwenda, lala.

Mtu akitaka picha ya karatasi ya mikseri aseme namtumia. Ina unga unga na mafuta, na chini kabisa kuna mstari wa peni ya kijani, "mashine ikibadilika mlio zima kwanza ndo uangalie". Huo sikuandika mimi, kauongeza dogo.